Mkulima na Kipimo cha Mvua

Wasomaji wetu wa Likoni, Mtongwe na Shika Adabu walio na mashamba kati ya minazi na miembe huulizana swali moja kila ufikapo mwisho wa Machi: je, mvua iliyonyesha jana ni mvua ya kupandia, au ni mvua ya kupita tu? Swali hili si dogo. Mwenye kulijibu vibaya hupoteza mbegu, hupoteza ujira aliowalipa vibarua, na hupoteza majuma mawili au matatu ya msimu ambayo hayarudi tena. Leo twataka kueleza ya kuwa jibu lake halipatikani kwa kutazama mbingu peke yake, wala kwa kusikiliza redio peke yake. Hupatikana kwa kupima na kuandika, na kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote ajuaye kusoma na kuhesabu.

Kwanza yafaa tujue mvua zetu hutoka wapi. Kuanzia Desemba hata Machi pwani yetu hupata upepo wa kaskazi, na kuanzia Aprili hata Septemba hupata kusi. Sababu yake kubwa ni bara la Asia, ambalo ni pana mno. Wakati wa baridi kule, hewa iliyo juu ya nchi kavu hupoa na kuwa nzito, ikasukumwa kuja kusini juu ya bahari. Hiyo ndiyo kaskazi. Wakati wa joto nchi ile huungua jua, hewa yake huwa nyepesi na kupanda juu, na hewa ya Bahari ya Hindi huvutwa kutoka kusini kwenda kushika mahali pake. Hiyo ndiyo kusi. Katikati ya pepo hizi mbili kuna majira ya maleleji, ambapo upepo hauna msimamo.

Ukanda wa mawingu ya mvua nao hulifuata jua. Jua lipitapo juu ya ikweta mwezi wa Machi kuelekea kaskazini, ukanda huo hupita juu yetu baadaye kidogo na kutuletea mvua za mwaka. Lirudipo kusini mwezi wa Septemba, ndipo tupatapo vuli mnamo Oktoba na Novemba. Mombasa hupata yapata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka mzima, yaani inchi 40, na mwezi wa Mei ndio unaoipita miezi yote.

Wazee wa Pwani waliyajua majira haya kabla ya vyombo vya kupimia kufika. Walihesabu miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi. Hawakuitegemea miezi ya Kiislamu kwa kilimo, kwa maana mwaka wa miezi hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na mvua zingehama kutoka mwezi mmoja hata mwingine. Hiyo ni elimu ya kweli wala si ushirikina. Lakini miongo humwambia mtu wakati ambao mvua hutazamiwa. Haimwambii kama imefika mwaka huu. Kuna miaka ambayo mvua za mwaka huchelewa sana, na kuna miaka ambayo vuli hupita kadiri, kama ilivyokuwa Oktoba 1997, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipokuwa na joto lisilo la kawaida na El Niño ilipokuwa na nguvu. Basi hesabu ya wazee yahitaji mwenzake, naye ni kipimo.

Mtu akisema, "Imenyesha milimita 10," maana yake ni kwamba kama maji yote yangebaki pale yalipoanguka, bila kuzama ardhini, kutiririka wala kukauka, yangekuwa na kina cha milimita 10. Milimita 1 juu ya meta moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Inchi moja, ambayo ni milimita 25 na kitu, ikinyesha juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 100,000, au mapipa 500 ya lita 200. Ndiyo sababu mkulima hapaswi kuridhika na neno "kidogo" au "nyingi".

Sasa tazama hesabu ya mpanzi. Katika joto la Machi jua na upepo huweza kuondoa maji ya milimita 5 au zaidi kwa siku moja. Tuseme shamba moja la Mtongwe limepata milimita 9 jioni ya Jumatatu. Mwenye shamba ameona udongo umelowa, akapanda Jumanne. Kufika Alhamisi tabaka la juu limekwisha kukauka, hasa penye udongo wa mchanga, na punje ya mahindi yahitaji kama siku 5 hata 7 ili iote. Mbegu imevimba, imeanza kuchipua, kisha imekufa. Jirani yake amengojea hata jumla ya mvua ikapita milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu. Amechelewa kwa juma moja, lakini mahindi yake yameota.

Kiasi hicho cha milimita 20 hatukukibuni sisi. Ni kawaida inayotumiwa na wataalamu wengi wa mvua katika Afrika: msimu huhesabiwa kuwa umeanza mvua ifikapo milimita 20 ndani ya siku chache, nayo isifuatwe na ukame wa siku nyingi mfululizo. Sharti la kwanza mkulima hulijua kwa kipimo chake mwenyewe. Sharti la pili halijulikani mapema, na hapo ndipo utabiri wa redio unapomfaa. Mwenye kipimo na redio ana macho mawili. Mwenye kimoja tu ana jicho moja.

Msomaji atauliza, "Kwa nini nisitumie hesabu za kituo cha serikali?" Kituo kikubwa cha Mombasa kiko katika kiwanja cha ndege upande wa Changamwe, na kati yake na Mtongwe kuna maji ya Port Reitz. Kila mkazi wa Likoni amewahi kuona mvua ikianguka ng'ambo huku yeye akianika nguo juani. Wingu moja la mvua huweza kuwa na upana wa maili mbili au tatu tu. Hesabu ya Changamwe ni ya kweli kwa Changamwe; shamba la Shika Adabu lataka hesabu yake.

Kipimo kilichotumiwa tangu zamani katika vituo vya Afrika Mashariki ni mtungi wa shaba wenye mdomo wa duara wa inchi 5, na ndani yake mna faneli na chupa. Asiyeweza kukipata aweza kujitengenezea. Tafuta faneli ambayo mdomo wake una kipenyo cha sentimita 11 na milimita 3, uitie katika chupa, na uiweke chupa ndani ya kopo zito lisiloangushwa na upepo. Duara la kipenyo hicho lina eneo la sentimita 100 za mraba, na kwa hiyo kila mililita 10 za maji utakazozikuta katika chupa ni milimita 1 ya mvua. Bomba la sindano lisilo na sindano, liuzwalo katika duka la dawa, latosha kupimia. Ukikuta mililita 135, andika milimita 13.5.

Mambo manne yashikwe sana. La kwanza ni mahali. Mdomo wa kipimo uwe sawasawa bila kuinama, kiasi cha sentimita 30 juu ya ardhi, tena mbali na miti na nyumba. Umbali mwema ni mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Mnazi wa meta 15 wataka meta 30. Kipimo kilichowekwa chini ya mwembe hupima mwembe, hakipimi mvua.

La pili ni saa. Vituo vya Kenya husoma mvua saa tatu asubuhi, nasi tufuate saa hiyo hiyo kila siku ili hesabu zetu zilinganishwe na zao. Mwenye kusoma leo asubuhi na kesho jioni amechanganya siku mbili, na jua limekunywa sehemu ya maji yake.

La tatu ni ulinzi. Watoto waelezwe kazi ya chombo hicho ili wakiheshimu, na pajengwe ua mdogo kwa ajili ya mbuzi. Majani yakianguka ndani ya faneli yaondolewe mara moja.

La nne, nalo ndilo wengi hulisahau, ni kuandika sifuri. Siku isiyo na mvua nayo ni habari. Ukiacha nafasi tupu, mwakani hutajua kama siku ile haikunyesha au ulikuwa safarini. Kama hukuwapo, andika ya kuwa hukupima, usikisie kamwe. Takwimu moja ya uongo huharibu mwezi mzima. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua nayo ni mali.

Katika daftari hilo hilo ongeza safu mbili zisizohitaji chombo. Safu moja ni ya mawingu. Igawe mbingu yote mafungu 8 kwa macho, kisha andika ni mafungu mangapi yaliyofunikwa. Taja pia sura yake: mavundevunde ya juu yaliyotawanyika, mawingu meupe kama pamba yaliyo chini, au wingu zito la ghubari lenye kitako cheusi. Mwingereza Luke Howard ndiye aliyeyapa mawingu majina ya kitaalamu mwaka wa 1802, nayo yangali yakitumiwa duniani kote.

Safu ya pili ni ya upepo. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka, wala si unakokwenda. Nguvu yake hupimwa kwa ngazi za 0 hata 12 zilizotungwa na baharia Francis Beaufort mwaka wa 1805. Moshi ukipanda wima, ni 0, yaani shwari. Ukiusikia upepo usoni na majani yakinong'ona, ni 2. Vumbi na karatasi zikipeperuka, ni 4, na baharini povu jeupe huonekana mara kwa mara. Matawi makubwa yakitikisika na mwavuli ukishikika kwa shida, ni 6; mwenye ngalawa ndogo hana kazi huko nje siku hiyo. Kumi na mbili ni kimbunga chenyewe.

Vimbunga si jambo la kawaida Mombasa, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyuzi 4 kusini yake, na huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni hafifu. Lakini jirani zetu wa kusini wameviona: Unguja mwaka wa 1872, Lindi mwaka wa 1952, na kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024. Ukingo wa kimbunga kama hicho huweza kutuletea upepo na mawimbi hata kama chenyewe hakifiki. Kwa hiyo wavuvi wa Likoni na Timbwani wasidharau tangazo kwa sababu tu mbingu ya kwao ni safi. Na mwenye barometa ajue jambo moja ili asitishike bure: katika nchi zetu za joto uzito wa hewa hupanda karibu na saa nne, mchana na usiku, na kushuka karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, kila siku hata pasipo dhoruba. Dalili ya kuogopwa ni kushuka kusikofuata saa hizo.

Faida ya kazi hii haiishii kwa mwenye shamba. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1929, na baada ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka wa 1977 kila nchi iliendelea na idara yake. Tangu mwanzo sehemu kubwa ya hesabu za mvua ilikusanywa na watu wa kujitolea: walimu wa shule, wamisheni, wenye mashamba na makarani wa bomani. Wengi wao hawakuwa wataalamu. Walichokuwa nacho ni saa, kalamu na uaminifu. Hesabu zao za miaka mingi ndizo zinazotuwezesha leo kusema ni mwezi gani wenye mvua nyingi na ni mwaka gani uliokuwa wa ukame.

Shule za Likoni zaweza kuifanya kazi hii vizuri sana, darasa likipokezana zamu. Lakini likizo zisisahauliwe, kwa kuwa shule hufungwa Aprili, na Aprili ndiyo mvua za mwaka zinapoanza. Pawe na mtu mmoja wa jirani aliyepewa zamu hiyo kwa jina.

Msomaji atakayeanza na apange kukiweka kipimo chake mahali pake majuma mawili kabla ya mvua kutazamiwa, ili makosa ya mkono yaonekane mapema. Mwaka wa kwanza daftari litamsaidia kupanda tu. Baada ya miaka mitano litamwonyesha ni tarehe gani mvua za kwake hufika kweli, na ni mara ngapi mvua ya kwanza ilikuwa ya kupita. Hapo majirani watakapomwuliza kama wapande, hatawajibu kwa kukisia, atafungua daftari.