Mlificha Uchi, Mkatuachia Wizi

Wasee, leo naongea juu ya sinema ambayo wengi wenu mnaipenda bila kuitazama, na wengine mnaichukia vilevile bila kuitazama. The Wolf of Wall Street.

Juzi niliweka picha ya Leonardo DiCaprio kwa statasi, nikauliza swali moja tu: hii ni kazi nzuri ama ni uchafu? Yawa! Shangazi mmoja akaniambia nifute kabla mchungaji aione. Jamaa tuliyesoma naye sekondari hapa Kisumu akaandika, "Omera, huyo ndiye alinifunza kusaka doo."

Basi kuna kambi mbili. Kambi ya shangazi: ni ngono, bangi na matusi, ichomwe. Kambi ya omera: ni motisha, itazamwe kila asubuhi kabla ya kazi. Mimi nasema mmekosea nyote, na serikali ndiyo iliwasaidia kukosea.

Turudi nyuma kidogo. Januari 2014, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ilipiga hii sinema marufuku. Isiuzwe, isionyeshwe. Sababu zilikuwa zile zile: uchi, ngono, dawa za kulevya, matusi. Sasa niulize, mwizi yuko wapi kwa hiyo orodha? Maana hii ni hadithi ya mwizi. Jordan Belfort ni mtu wa kweli. Alikuwa anapandisha bei ya hisa za bei rahisi kwa uongo wa simu, halafu anauza zake bei ikiwa juu, na wewe uliyenunua unabaki na karatasi. Mwaka 2003 alihukumiwa miaka minne, akakaa ndani miezi 22 tu, na mahakama ikamwamuru alipe waathiriwa dola milioni 110. Bodi yetu ikatazama dakika 180 za wizi, ikaona matiti.

Na hii si nchi ambayo haijui wizi wa aina hiyo. Mnakumbuka DECI? Mimi nilikuwa mtoto, lakini wazazi wetu wanakumbuka. Mwaka 2006 na 2007 watu waliuza ng'ombe na mashamba kuweka pesa huko, na ikaanguka nazo. Miaka saba baadaye inakuja sinema inayoonyesha jinsi mtu anavyokulainisha mpaka unampa pesa ukicheka, na tunaambiwa itatuharibu maadili.

Na je, marufuku ilizuia nini? Kwa duka la muvi pale mtaani ulikuwa unawekewa kwa flashi kama kawaida. Lakini wengi wetu wa umri wangu hatukuipata nzima. Tulipata vipande. Dakika moja ya DiCaprio akihutubia wafanyakazi kama mhubiri wa krusedi. Ile ya kuuza kalamu. Ile ya noti zikirushwa kutoka kwa yoti. Muziki mzito chini, maneno ya motisha juu. Kwa vipande hivyo hakuna uchi, kwa hivyo hakuna mzazi anayeshtuka. Na hakuna gereza pia. Kila kitu ambacho bodi iliogopa kilikatwa, na sumu yenyewe ikabaki.

Najua kwa sababu niliinywa.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliingia kwa kundi la Telegram la kufunzwa biashara ya fedha za kigeni. Mwalimu wetu, picha yake ya wasifu ilikuwa DiCaprio na noti zake. Kila wikendi anatuma video: gari, madem, chupa mezani, ziwa nyuma yake. Nikaweka elfu tano, nikarudishiwa elfu tisa. Bana, nilijiona nimefika. Nikaweka ada ya muhula, shilingi 38,000, pesa ambayo mamangu aliitoa kwa omena, gorogoro moja baada ya nyingine pale Kibuye. Ijumaa usiku kundi likapotea. Mtihani sikuufanya. Nilimwambia Mama tarehe ya mtihani imesongeshwa, na nikaendelea kumdanganya miezi mitatu. Chuo sikurudi.

Sisemi sinema ndiyo iliniibia. Mwizi ndiye aliniibia, na tamaa yangu ilimfungulia mlango. Nasema tu kwamba ningekuwa nimeona sinema nzima, ningeitambua ile picha ya wasifu.

Kwa sababu nimeitazama sasa, yote, mara mbili. Kuna mahali Belfort anaanza kutueleza jinsi hisa zinavyoingizwa sokoni. Katikati anakatiza, anasema hatumfuati na haina haja. Halafu ni raha tena. Martin Scorsese anakufanya vile mwizi anavyofanya: karibu uulize swali, anakuonyesha mwili. Ile ngono ni chambo. Ukitoka pale ukiwa umesisimka na hujui pesa ilitoka wapi, umeshaibiwa kama wale wengine. Na ukivumilia mpaka mwisho, unamwona huyo shujaa wenu akimpiga mkewe ngumi ya tumbo na kumgonganisha mtoto wake mdogo kwa gari. Omera, hiyo hukuona kwa TikTok.

Kambi ya shangazi nayo ina neno la haki, lazima nikubali. Sinema inamfurahia sana mwizi. Waathiriwa ni sauti tu kwa simu. Na kuna aibu nyingine: kampuni iliyoitengeneza, Red Granite, ilidaiwa kutumia pesa zilizoibwa kwa mfuko wa umma wa Malaysia, 1MDB, na mwaka 2018 ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 60 kumaliza kesi. Sinema ya wizi, na pesa ya wizi! Hizo ni hoja nzito. Lakini hakuna hata moja inayohusu nguo.

Tena uchi wenyewe hatuuogopi kila mara. Machi 2014, wiki chache baada ya marufuku, sinema hii ilikuwa inashindania Oscar tano usiku ule ule ambao Lupita Nyong'o alishinda yake. Kisumu tulimshangilia kama wetu, maana babake alikuwa seneta wetu. Na kwa 12 Years a Slave, Lupita kama Patsey anabakwa na bwana wake, na anachapwa mijeledi akiwa uchi. Hatukusema ni uchafu. Tulielewa kwamba ule mwili unatuambia utumwa ni nini. Kwa hivyo uwezo wa kuuliza "huu uchi ni wa nini?" tunao. Ni kwamba mwaka ule bodi haikutuachia nafasi ya kuuliza. Ingeandika 18, ingetuonya, halafu ituache tubishane kama watu wazima.

Juma lililopita nilimsimulia Mama hadithi yote tukichagua omena. Zile sehemu zingine nilizipita haraka, mnaelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, yoti, gereza, kila kitu. Halafu akauliza, "Na wenye pesa? Walirudishiwa?"

Sinema haionyeshi. Bodi haikuuliza. Wewe wa motisha, hujawahi kuwaza. Na Mama aliniuliza akiniangalia mimi.