Kisanduku cha Nyaya Tukiunde Wenyewe

Ndugu, kila gari lipandalo kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga lina kisanduku ambamo nyaya za umeme hukutana na fyuzi. Unyevu ukiingia, vichwa vya nyaya hushika kutu, taa zikazimika mlimani. Ndipo mafundi wengine huweka waya mtupu badala ya fyuzi! Umeme ukizidi, waya huo haukatiki upesi. Gari laweza kuungua.

Twauliza: Nyumbu ya Kibaha, iliyounda malori miaka ya 1980, yashindwaje kuunda kisanduku kidogo kikaacho juu, mbali na maji, chepesi, kisikatike vishikizo kwa mtikisiko? Mafundi wa Mbinga washauriwe kwanza. Kahawa yetu yalipia visanduku vya wageni. Wabunge wa Ruvuma waliulize Bungeni.