Ngazi Haipimi Furaha

Kila itolewapo Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo ilianza mwaka 2012, wapo wasomi wainamishao vichwa kana kwamba wamesomewa hukumu. Mwaka 2019 Ufini ilikuwa ya kwanza, na Tanzania ya 153 kati ya nchi 156. Basi ikasemwa kuwa Watanzania ni watu wa huzuni. Wengine wakaghadhibika, wakajibu kuwa Mtanzania hucheka na kucheza ngoma hata akiwa na njaa, kwa hiyo hesabu ni ya uongo. Pande zote mbili zimekosa, na wa pili umekosa vibaya zaidi.

Yapasa kwanza kulisoma swali lenyewe. Lilibuniwa na Hadley Cantril, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965, na ndani yake neno furaha halimo. Mtu huambiwa aifikirie ngazi yenye vipandio kutoka 0 hadi 10. Juu kabisa pana maisha bora kuliko yote awezayo kuyapata, chini kabisa pana maovu kuliko yote; kisha aseme amesimama wapi. (Vicheko vya jana huulizwa pia, lakini si kwa hivyo nchi hupangwa.)

Kiswahili kingalimwokoa mtu ye yote na kosa hili. Furaha huja asubuhi ikaondoka jioni. Raha ni pumziko la mwili na moyo. Heri ni maisha yaliyokaa vyema, na kwa hiyo watu huagana kwa heri, hawaagani kwa furaha. Ngazi ile huuliza habari za heri.

Basi mkulima ajiwekaye kipandio cha 3 hakusema kuwa moyo wake umekufa. Amesema kuwa ayajua maisha yawezayo kuwa yake, naye yu mbali nayo: zahanati haina dawa, mazao hayana bei, mtoto hasomi. Hayo ni madai. Amjibuye kwa kukisifu kicheko chake amemnyima haki yake kwa maneno matamu. Na amhubiriaye kukinai, hali yeye mwenyewe ameshiba, amefanya jambo la aibu.

Watungaji wa ripoti nao wana lawama yao, kwa kuibandika jina lisilo lake. Ingaliitwa Ripoti ya Heri, asingalitokea mtu wa kuijibu kwa ngoma.