Tundu la USB likigoma, kompyuta isikimbizwe kwa fundi



Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ameleta swali ambalo kwa hakika ni la nyumba nyingi. Kompyuta mpakato wanayoitumia watoto wake wawili, mmoja wao akiwa mwaka wa mwisho chuoni, ina matundu matatu ya USB. La upande wa kulia lilianza kwa kusitasita: mara laitambua flashi, mara laikataa mpaka ishikiliwe kwa kidole. Sasa limenyamaza kabisa. Fundi aliyepelekewa aliitazama dakika chache akasema madabodi imekufa na haina budi kubadilishwa, kwa bei inayokaribia nusu ya thamani ya kompyuta yenyewe. Isitoshe, alitaka aachiwe mashine kwa siku tatu pamoja na neno lake la siri. Mama anauliza kama akubali.

Asikubali kwanza. Madabodi iliyokufa haiwashi kompyuta, ilhali hii inawaka, inafanya kazi na matundu yake mawili ni mazima. Huenda kweli tundu la tatu lina ubovu, lakini ubovu wa tundu hauthibitishwi kwa kulitazama juu juu. Huthibitishwa kwa majaribio, na majaribio yenyewe hayazidi nusu saa, tena hufanyika sebuleni bila ya bisibisi.

Yafaa kujua kilichomo ndani ya tundu hilo. USB ilitolewa mwaka 1996, ili kipanya, kibodi na printa, ambavyo hapo kabla kila kimoja kilikuwa na tundu la namna yake, vichomekwe mahali pa aina moja. Tundu la kawaida la mstatili lina pini 4: mbili hupitisha umeme wa volti 5, na mbili hupitisha taarifa. Yale ya USB 3.0, ambayo aghalabu ulimi wake wa plastiki ni wa buluu, yameongezewa pini 5. Kwa mpango huo tundu laweza kufa nusu. Taa ya flashi huwaka, maana umeme unafika, na kompyuta isione chochote, maana njia ya taarifa imekatika. Simu nayo huweza kuchaji vizuri na picha zake zisionekane. Hapo, kabla ya kulilaumu tundu, utazamwe waya: nyaya nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa kuchajia tu, hazina kabisa nyuzi za taarifa.

Basi jaribio la kwanza ni la kubadilishana. Flashi iliyokataliwa ihamishiwe tundu jingine, na kipanya kinachofanya kazi kwingine kichomekwe kwenye tundu linaloshukiwa. Flashi ikikataliwa kila mahali, na kipanya kikakubaliwa upande wa kulia, tundu halina kosa lolote; mgonjwa ni flashi. Kipanya kikikataliwa upande wa kulia na flashi ikasomwa upande wa kushoto, hapo shutuma juu ya tundu zina msingi. Matundu yote yakikataa kila kitu, tatizo aghalabu liko katika programu au katika sehemu inayoyaongoza yote kwa pamoja, na kulilehemu moja hakutasaidia.

Hapa pana hatari ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hana budi kuonywa nayo. Flashi mbovu huweza kuifanya Windows itoe ujumbe kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Watu wengi hubonyeza kukubali kwa sababu ujumbe umeandikwa kana kwamba hakuna njia nyingine. Ikiwa ndani yake mna kazi ya utafiti isiyo na nakala, asikubali. Aufunge ujumbe huo, aichomoe flashi, asiandike kitu kingine juu yake, kisha amtafute mtu mwenye ujuzi wa kuokoa mafaili. Kufomati hakuitengenezi flashi iliyoharibika, bali hufanya kilichokuwa kinaokoleka kiwe kigumu zaidi kuokolewa.

Iko pia hali ambapo kipanya chakubaliwa lakini diski ya nje yakataliwa katika tundu lile lile. Hilo aghalabu ni suala la umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Kipanya hutosheka kwa sehemu ndogo ya kiasi hicho, ilhali diski yenye sahani inayozunguka huhitaji zaidi, hasa inapoanza kuzunguka. Kompyuta ichomekwe chaja yake, na diski ichomekwe moja kwa moja kwa waya mfupi, si kupitia kigawanyio chenye vitu vingine vitatu.

Kuhusu programu, jambo la kwanza ni kuiwasha upya kompyuta, nalo lina siri yake. Tangu Windows 8, kuizima kompyuta kwa njia ya kawaida huenda kusiwe kuzima kamili: sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili asubuhi iwake haraka, na hitilafu huweza kuhifadhika pamoja nayo. Anayesema "nimeizima na kuiwasha mara kumi" huenda hajawahi kuuanzisha mfumo upya hata mara moja. Achague neno "Restart". Isiposaidia, aizime, achomoe chaja, atoe betri ikiwa ni ya kutoleka, kisha ashikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe.

Hatua ifuatayo ni kufungua orodha ya vifaa iitwayo "Device Manager", kwenda penye kundi la vidhibiti vya USB, na kuviondoa vile vyenye jina "USB Root Hub", kisha kuanzisha upya. Windows itavisimika yenyewe. Kipanya cha nje kitazimika wakati huo, kwa hiyo kitumike kile kibao cha kugusa cha kompyuta. Katika orodha hiyo hiyo, ndani ya sifa za kila kidhibiti, huwa pana ruhusa ya kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Alama hiyo iondolewe. Ruhusa hii husababisha lawama nyingi kwa matundu yasiyo na hatia, hasa yale yanayolala baada ya muda na kuamka kompyuta ikianzishwa upya.

Lakini dalili aliyoieleza mama, ya flashi kukubaliwa inaposhikiliwa kwa kidole, haielekezi kwenye programu. Programu haijui kidole. Hiyo ni dalili ya uchakavu au uchafu, na dawa yake huanza kwa tochi. Kompyuta ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, mmulike ndani. Vumbi na nyuzi za nguo kutoka mikobani ni jambo la kawaida, na kwetu sisi wa pwani hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani juu ya pini. Uchafu utolewe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao na burashi laini. Sindano isitumike kamwe, kwani hupinda pini na kuzigusanisha. Ukungu wa kijani husafishwa kwa tone la spiriti ya isopropili juu ya burashi, kisha paachwe pakauke kabisa. Maji hayafai, na manukato ya kabatini pia hayafai hata kama yananukia spiriti. Wala pasipulizwe kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu.

Ulimi wa plastiki ukionekana umevunjika au unacheza, kazi ya nyumbani imekwisha. Si jambo la ajabu: tundu la mstatili hutakiwa na viwango vyake lihimili angalau michomeko 1,500, na mwanafunzi anayechomeka mara mbili kwa siku huifikia idadi hiyo katika miaka miwili na kitu. Tundu dogo la mviringo la USB-C limewekewa michomeko 10,000.

Sasa ndipo aende kwa fundi, lakini aende na swali: je, tundu hili limelehemiwa juu ya madabodi, au liko kwenye ubao mdogo wa pembeni uliounganishwa kwa utepe? Kompyuta nyingi zina ubao huo, na hubadilishwa peke yake. Hata likiwa limelehemiwa, fundi mwenye mkono mzuri hulitoa na kuweka jipya, na gharama yake haikaribii ile ya madabodi nzima.

Suala la neno la siri ni zito kuliko bei. Katika kompyuta za familia zetu mna picha za mabinti na akina mama zilizopigwa upande wa wanawake harusini, ambazo hata shemeji haonyeshwi. Kulehemu tundu hakuhitaji neno la siri, wala hakuhitaji picha hizo ziwe kwenye benchi la mtu kwa siku tatu. Mafundi waaminifu wapo wengi, walhamdulillah, na hao hawatachukia kuambiwa kwamba diski itabaki nyumbani. Katika mashine nyingi diski hutoka kwa kufungua skrubu chache, na fundi hulipima tundu jipya kwa diski yake mwenyewe. Kuyafuta mafaili tu hakutoshi, kwa kuwa yaliyofutwa mara nyingi hurudishwa. Ikishindikana kuitoa diski, mtu wa nyumbani aketi pale mpaka kazi iishe.

Na akiona gharama bado ni kubwa, aliache tundu hilo. Mawili yaliyobaki yatosha, na kigawanyio kidogo hukidhi haja ya kipanya na flashi. Isipokuwa sehemu ile ikipata moto, au Windows ikitoa onyo la umeme kuzidi kwenye tundu: hapo pini zinagusana ndani, na kompyuta isiendelee kutumika mpaka itazamwe. Kama hakuna dalili hizo, abandike kipande cha utepe juu ya tundu, ili mtoto mdogo asije akachomeka kitu humo.