Gari ikizima njiani, tutafute chanzo kwanza

Sisi tunaopanda gari kutoka Bukavu kwenda Mwenga na Kamituga tunaijua ile hali: motere inazima mulimani, watu wanashuka, shofere anafungua kapo. Fundi anafika, anasema «ni pompe». Pompe inanunuliwa, dola zinaisha, kesho gari inazima tena.

Kabla ya kununua kipande, tuulize kwanza: imezima namna gani? Kama ilikohoa, ikakosa nguvu kwenye mupando, ndipo ikazima, mafuta hayafiki vizuri. Tuangalie filtri, tumwage maji yaliyo chini yake. Mazutu ya bidoni tunayouziwa na kadhafi kando ya njia inaweza kuwa na maji na uchafu. Kama ilizima gafula pamoja na taa zote, tuanzie kwenye vichwa vya batri. Kama inazima ikipata moto sana, na ikipoa inawaka tena, tupime kapteri na pompe wakati ingali moto.

Hii si mambo ya fundi peke yake. Motere ikizima kwenye muteremuko, usukani unakuwa muzito, freni inakuwa ngumu. Na ndani muna mama na watoto wanaomufuata baba kwenye machimbo.

Baba shofere, usipakie watu mbele chanzo hakijajulikana. Na sisi abiria, tuache kumusukuma na ile «twende tu, tutafika». Dhahabu ya Kamituga haitoroki. Tunaweza kuingoja saa moja.