Safari ya Lamu na Aliyejitoa Kimya Kimya



Nimeletewa suala na mama mmoja wa hapa Mombasa. Yeye na wenzake saba, waliosoma chuo kimoja tangu utotoni, wamekusudia kwenda kupumzika Lamu: waondoke Ijumaa alfajiri, warudi Jumapili. Hesabu imepigwa, ikatoka shilingi 12,000 kwa kila mmoja. Haukupita muda, mmoja wao, mjane anayeuza mahamri na mbaazi, akasema mjukuu wake anaumwa, hatoweza kwenda. Wenziwe wote wajua kwamba mjukuu hana maradhi. Mama anauliza: je, yafaa alipiwe kwenye mfuko wa kikundi bila ya kuambiwa?

Jawabu la fikihi ni fupi. Mfuko ule ni mali ya shirika, na mshirika hana ruhusa ya kutoa hisani katika mali ya wenzake ila kwa ridhaa yao. Mjane naye ni mshirika, amechangia kama walivyochangia wengine. Basi hakuna njia ya kuutumia mfuko huo kwa ridhaa ya wote na yeye asijue. Mwenye kutaka kumsitiri na atoe katika mali yake mwenyewe, tena atoe na asahau. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Na masimango ya safarini huja kwa mzaha, mbele ya watu, wakati wa kugawa chakula.

Lakini naona suala hili limechelewa. Lilistahiki kuulizwa kabla ya hizo 12,000 kutajwa. Mtume (SAW) alipomfanya Uthman bin Abil-As kuwa imamu wa watu wake, alimwagiza awakadirie kwa yule aliye dhaifu zaidi miongoni mwao. Ikiwa swala, ambayo ni nguzo ya dini, hupimwa kwa mnyonge, sembuse matembezi? Kikundi hiki kilianza kwa kuchagua hoteli, kisha ndipo kikaangalia nani anaiweza. Mwenye uchache akabakiwa na mambo mawili: akope, au aseme mjukuu anaumwa.

Wako watu aliowasifu Mtume (SAW) kwa jambo hili hasa, nao ni Ash'ari, kabila la Swahaba Abu Musa. Chakula chao kilipopungua vitani, au masurufu ya watoto wao yalipokuwa kidogo mjini Madina, walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakakigawa sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (SAW) akasema kwamba hao ni katika yeye, naye ni katika wao. Imamu Bukhari ameitia hadithi hiyo katika mlango wa shirika. Utaona kuwa hawakutoa sawa, walichukua sawa.

Kwa Lamu, jambo hili laweza kutendeka bila taabu. Mji ule una nyumba za kukodisha nzima nzima zenye jiko, na nyumba ya zamani ya Kiamu ina daka la kupokea wanaume mlangoni, na ndani kuna sitara ya wanawake. Mwenye uwezo alipe nyumba, mwengine mchele na mafuta, mwengine samaki wa sokoni, na mwenye kidogo alete kidogo chake. Wala mjane asigeuzwe mpishi wa msafara kwa kuwa mchango wake ni mdogo. Hayo nimeyaona, na si uungwana.

Kuna mengine mawili ambayo mama hakuyauliza, nami siwezi kuyanyamazia. La kwanza ni mahramu. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba safari isiyokuwa ya wajibu, kama hii ya matembezi, mwanamke huisafiri pamoja na mumewe au mahramu wake. Wako wanazuoni walioona kundi la wanawake waaminifu latosha njia ikiwa na amani, lakini iliyotangulia ndiyo salama zaidi. Maana yake ni kuwa wasafiri wanane huenda wakawa kumi na sita. Mjane atataka kufuatana na mwanawe, naye ni kijana wa kibarua. Nauli yake imo katika hesabu ya nani? Hili nalo lisemwe mapema.

La pili ni siku yenyewe. Mwanamume aliyewajibikiwa na swala ya Ijumaa haruhusiwi, katika madhehebu yetu, kuanza safari baada ya alfajiri ya Ijumaa kuingia, ila akiwa na hakika ya kuiwahi swala hiyo njiani, au akichelea madhara kwa kuachwa na wenzake. Basi la Mokowe halingojei hotuba. Na mwendo wa Mombasa hadi Mokowe, kisha kuvuka kwa mashua, huila siku nzima. Kwenda siku moja na kurudi siku moja, mapumziko yenyewe ni ya Jumamosi tu. Afadhali kungoja wiki ambayo Jumatatu yake ni sikukuu, watu watoke Jumamosi.

Au waangalie karibu. Takaungu, mji waliouhamia baadhi ya Mazrui baada ya kuondolewa Mombasa mwaka 1837, uko takriban nusu ya mwendo wa Malindi, una bahari na una utulivu. Wajue tu kwamba huko watasali swala kamili, kwani safari ya kupunguza swala ni baina ya kilomita 80 na 90 kwa makadirio ya wanazuoni. Watakaokwenda Lamu watapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha, maadamu hawakukusudia kukaa siku nne kamili.

Nimeambiwa arubuni ya hoteli haijalipwa. Alhamdulillahi. Basi kabla haijalipwa, wawili katika hao saba waende nyumbani kwa mjane. Wasimpigie simu, wala wasiliandike jambo hili kwenye kundi la simu ambako kila mmoja atasoma. Wasitaje pesa, wala wasimuulize hali ya mjukuu kwa namna ya kumnasa. Wamwambie kwamba safari imerudishwa nyuma ili ipangwe upya, na kwamba wamekuja kwake wa mwanzo kutaka shauri: waende wapi, na waende lini? Akitaja Takaungu, basi iwe Takaungu.

Wabillahi tawfiq.