Nyuzi ndani ya zege zaweza kuamua hatima ya jengo moto unapozuka

IMEKITA mizizi nchini dhana kwamba nyumba ya mawe na zege haiungui. Moto unapoteketeza vibanda, lawama huelekezewa mbao. Jengo la ghorofa likibaki limesimama baada ya mkasa kama huo, mwenyewe hupiga lipu na kupaka rangi, nao wapangaji wakarejea.

Yaliyotokea Novemba 18, 1996 katika handaki la reli lipitalo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa yaliwafunza wahandisi mengine. Treni iliyobeba malori ilishika moto. Watu wote 34 waliokuwemo waliokolewa, lakini kuta za handaki hilo, zilizojengwa kwa zege imara kupindukia, zilimeguka tabaka baada ya tabaka. Kuna mahali ambapo ukuta wenye unene wa takriban sentimita 40 ulisalia sentimita chache tu. Treni za malori hazikurejelea shughuli zake hadi Juni 1997.

Ajabu ni kwamba uimara wenyewe ndio uliochangia balaa. Zege ya kawaida ina vitundu vingi vidogo ambamo maji yaliyomo, yakigeuka mvuke, hupata pa kutokea. Zege imara huchanganywa kwa maji machache, ikashikamana mno. Mvuke hukosa njia na shinikizo lake huzidi. Wakati huo huo uso wa zege unatanuka kwa joto ilhali ndani bado ni baridi, na vipande huanza kufyatuka kama bisi kwenye sufuria. Vyuma vilivyofunikwa hubaki uchi, na chuma kikifika nyuzijoto 600 hupoteza takriban nusu ya nguvu zake.

Dawa iliyopatikana ni ya bei nafuu kiasi. Ni nyuzi za polipropilini, plastiki ile ile inayofumwa magunia, nyembamba kuliko unywele na zenye urefu wa milimita chache. Zikifikiwa na joto la nyuzijoto 160 hadi 170, huyeyuka na kuacha vijia ambavyo mvuke hupitia. Kanuni za Ulaya zinapendekeza angalau kilo mbili katika kila mita moja ya ujazo ya zege iliyo imara sana. Hizo ni kilo mbili tu katika mzigo wa kilo 2,400 hivi.

Nyuzi za chuma nazo zina kazi tofauti. Hushikilia nyufa zisipanuke na huifanya zege isivunjike ghafla, hata ikiwa imepata joto kali. Hata hivyo, peke yake haziufungulii mvuke njia, na mwanakandarasi anayeziuza kama kinga kamili dhidi ya moto anapotosha. Ndiyo maana katika mahandaki kadhaa aina zote mbili huchanganywa. Wala plastiki haiizuii zege kudhoofika. Ile yenye kokoto za jamii ya kwazi, ikifika nyuzijoto 600, husalia na chini ya nusu ya nguvu zake, iwe na nyuzi au isiwe nazo.

Jambo jingine ni kwamba uamuzi haungoji. Nyuzi haziwezi kutiwa katika zege iliyokwisha kuganda. Septemba 2008 moto ulizuka tena katika handaki lile lile, ukaharibu takriban mita 650 za kuta, na njia haikufunguliwa kikamilifu hadi Februari 2009.

Kenya nayo sasa ina handaki la reli la Ngong, lenye urefu wa kilomita 4.5 na linalotumika tangu 2019, huku maghorofa ya Nairobi yakizidi kurefuka na kudai zege imara zaidi. Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zimechukua mahali pa zile za 1968, lakini kanuni hazimwagi zege. Nyuzi huufanya mchanganyiko kuwa mzito, na fundi anayetaka kumaliza kazi mapema hushawishika kuongeza maji. Akifanya hivyo, uimara uliolipiwa huyeyuka kabla hata ya moto.

Kwa majengo yaliyokwisha kuungua, zege yenyewe mara nyingi hutoa ishara: kokoto zenye madini ya chuma hugeuka rangi ya waridi kuanzia nyuzijoto 300 hivi. Mhandisi hulazimika kukata vipande na kuvipima kwenye maabara kabla ya wapangaji kuruhusiwa kurudi. Rangi mpya ikishapakwa, ishara hiyo haionekani tena.